Byenda vya Mama Mkwe

Mwaka ule wa korona nchi yetu haikumfungia mtu ndani. Shule zilifungwa, ndoo za maji na sabuni zikawekwa kila mlango wa duka, mpaka wa Mutukula ukabanwa, lakini mwenye shughuli zake aliendelea kutembea. Aliyefunga watu ni mke wangu. Yeye ni muuguzi hapa Bukoba mjini, na jioni moja alirudi kwetu Kahororo, akavua nguo za kazi uani, akaoga, akakaa jikoni, akalia. Alipomaliza alijifuta uso na kutangaza sheria. Mimi, mwalimu niliyebaki bila wanafunzi, nilisikiliza.

Sheria ya kwanza ilimhusu mama yake. Mama mkwe wangu anaishi peke yake Kamachumu, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na marehemu mumewe, na ana pumu ya miaka mingi. Kazini mke wangu alikuwa amewaona watu wenye vifua vizima wakihangaika kutafuta pumzi. "Mama akiupata huu ugonjwa, hatuna mama," aliniambia. "Asiende gulioni. Hata kwenye sala za jumuiya asiende." Sheria ya pili ilimhusu yeye mwenyewe: kwa kuwa anashinda na wagonjwa, asimsogelee mama yake mpaka mambo yatulie. Ya tatu ilikuwa kwamba kila Jumamosi mtu achukue pikipiki, anunue mahitaji sokoni Bukoba, ampelekee mama, asimame mbali, arudi.

"Mtu gani?" nikauliza.

"Humu ndani kuna mume mwingine?"

Shida haikuwa safari. Barabara ya Muleba naipenda, na pikipiki ilikuwa nzima. Shida ni kwamba kwetu Wahaya, hasa watu wa rika lake, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono. Mkikutana njiani, kila mmoja anampisha mwenzake. Kula mbele yangu hawezi, na kutaja chakula anachokitamani nikasikia, afadhali alale njaa. Tangu nioe sikuwa nimewahi kumwita kwa mdomo wangu, wala yeye hakuwahi kunisemesha. Salamu zetu zote zilipita kwa mke wangu, aliyezibeba huku na huku mpaka alipochoka na kutuambia tusalimiane wenyewe, jambo ambalo hatukulifanya. Kwa hiyo wakati dunia nzima inafundishwa kukaa mbalimbali, mimi na mama mkwe tulikuwa tumehitimu zamani. Kwa upande wa korona tulikuwa salama kabisa. Kwa upande wa manunuzi tulikuwa hoi.

Nilimuuliza mke wangu mama yake anapenda nini. Akasema mama anakula kila kitu. Akampigia simu kumuuliza, na mimi nikatega sikio, nikamsikia mama mkwe akisema kila kitu kipo, hana shida yoyote, mwambie mwenzio nashukuru. Nikabaki palepale nilipokuwa.

Basi Jumamosi ya kwanza nikaingia sokoni na kikapu cha ukindu, barakoa ya kitenge usoni, miwani imejaa ukungu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na soko halijawahi kunitendea haki. Kabla ya korona nilikuwa najua kidogo kusoma uso wa muuzaji, kwamba hapa kuna nafasi ya kupunguziwa na hapa hakuna. Sasa nyuso zilikuwa zimefunikwa. Dada wa nyanya alinitazama kwa macho mawili tu, akataja bei, nikalipa bila kubisha, na nilipogeuka nikasikia wenzake wakicheka. Limao na tangawizi zilikuwa zimepanda hadhi kwa sababu kila nyumba ilikuwa inachemsha. Kwenye bucha nikaomba mnofu mtupu, steki, pasipo mfupa hata wa dawa.

"Mwalimu ana wageni?" mwenye bucha akaniuliza.

"Ni ya mama mkwe."

Akanyoosha mgongo, akaufuta ubao, akanikatia nyama safi kuliko zote alizokuwa nazo. Alielewa. Kwa mama mkwe huendi na kitu cha ovyo. Nikaongeza mchele wa daraja la kwanza, tambi, mkate, majani ya chai, sukari na sato mmoja mnene. Ndizi sikununua, maana kumpelekea mkungu wa sokoni mtu mwenye kibanja ni sawa na kumwambia kibanja chake kimekufa. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Kule Kamachumu nikaweka vitu kwenye benchi chini ya dirisha, nikarudi nyuma mpaka kwenye ua wa miti, nikapiga honi. Mama mkwe akatoka, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, akaangalia pembeni. Mimi nikaangalia migomba. Akabeba vitu ndani, akarudisha kikapu kwenye benchi kikiwa kimejaa kuliko nilivyokileta: maparachichi, maharage mabichi, ndizi za gonja, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri kwenye jani kavu la mgomba. Jioni ile akampigia mke wangu simu kushukuru. Mambo yakaenda hivyo wiki baada ya wiki, nami nikaanza kujisifu kwa walimu wenzangu kwamba nalisha nyumba mbili na kifua kimoja kibovu kipo salama.

Mpaka siku nilipokutana na jirani yake. Ni mama mmoja mchangamfu, kibanja chake kinapakana na cha mama mkwe, na yeye ndiye husaidia kupalilia. Nilimkuta kwenye kona ya kuingilia, nikasimamisha pikipiki kwa mbali.

"Mkwe wetu," akasema, "Mungu akubariki kwa zile tambi. Watoto hawataki tena kitu kingine. Na ile nyama laini, weee, hata babu yao asiye na meno anakula."

Kumbe steki yangu, tambi zangu, na huenda hata yule sato, vyote vilikuwa vinaruka uzio. Damu ikanipanda. Niliamka alfajiri, nikachekwa na wauza nyanya, nikala vumbi la njiani, kulisha ukoo wa jirani! Nilikuwa nafungua mdomo niseme neno baya ndipo jirani akaweka jembe chini.

"Lakini mbona umesimama hapa?" akasema. "Kimbia, mkwe. Leo ni gulio, na mama yako nimemwona sasa hivi anashuka na kuku kwapani. Nimemkataza, hasikii."

Hasira yote ikayeyuka, ikabaki hofu. Gulio la Jumamosi watu wanabanana bega kwa bega, wengi bila barakoa, wanakohoa, wanacheka, wanashikana mikono. Nikaona sura ya mke wangu pale jikoni jioni ile. Nikaacha barabara, nikapita njia ya ndani katikati ya vibanja ili nimtangulie, nikamkuta kwenye kijia chembamba, anakuja taratibu. Kanga kichwani, kikapu mkononi, na kwapani tetea mwekundu aliyefungwa miguu. Barakoa hana.

Nikazima pikipiki. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina mpango. Mama mkwe humzuii njiani. Humshiki mkono, humnyooshei kidole. Unampisha. Miguu yangu ilifanya ilichofundishwa, nikaingia kwenye migomba upande wa kulia. Naye aliponiona akafanya kilekile, akaingia kwenye migomba upande wa kushoto. Kijia kikabaki kitupu.

Tukasimama. Mimi namsubiri apite, yeye ananisubiri nipite. Kupita mbele yangu mimi nikiwa nimempisha, angeweza, lakini na yeye amenipisha, na aliyepisha hawezi tena kupita kabla ya mwenzake. Manyunyu yakaanza. Mtu wa baiskeli akatokea, akapita katikati yetu, akasalimia kulia, akasalimia kushoto, akaenda zake bila kuuliza chochote, kwa sababu mtu wa kwetu akiona hali ile anajua ni wakwe. Nilianza kufikiri kwamba ikiwezekana tusimame hivi mpaka gulio livunjike, nitakuwa nimemwokoa.

Ndipo nikasikia sauti yake, ya chini, yenye mkwaruzo wa kifua. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa ameinama anamtazama kuku.

"Wewe kuku," akasema kwa Kihaya, "mwambie huyo mtu apite, mvua inamnyeshea."

Nikakohoa kidogo. Nikamtazama kuku, kwa mbali.

"Kuku," nikasema, "mwambie mwenye wewe kwamba mimi siendi popote. Ila yeye arudi nyumbani. Binti yake hatalala."

"Kuku, mwambie nimeishiwa mboga."

"Kuku, muulize ile steki ya wiki iliyopita ilikwenda wapi."

Kuku alinitolea jicho moja. Mama mkwe akavuta kanga mpaka ikafunika mdomo.

"Mwambie," akasema hatimaye, "ile nyama ni nzuri sana. Ni nyama ya kumpikia mgeni. Kila nikiiona namuona yeye aliyeileta, nashindwa kuila. Na hizo tambi sijui zinaanzia wapi." Akapumua. "Mwambie huyo mtu kwamba leo gulioni wanachinja. Mimi nataka byenda tu."

Halafu akageuka akaupa mgomba uso wake, kwa aibu.

Byenda ni utumbo wa ng'ombe. Ukiupika na ndizi mbichi chungu kimoja, moto wa taratibu, mpaka mchuzi unashika vidole, hakuna Mhaya atakayekuuliza habari za steki. Ni chakula cha asubuhi ya baridi, chakula cha watu wasio na haya mbele ya wenzao. Ndiyo maana mimi nisingeweza kumpelekea mama mkwe, ningeonekana nimemdharau. Na ndiyo maana yeye asingeweza kuniagiza, angeonekana hana staha. Kwa heshima zetu hizo mbili, jirani alikuwa ananenepa na mwenye pumu alikuwa njiani kuuza kuku kwenye msongamano. Nilitaka kucheka, nikatafuna shavu kwa ndani. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma pia.

"Kuku," nikasema, "rudi nyumbani, wewe na mwenye wewe. Byenda nitaleta mimi."

Majani makavu ya migomba yakalia, nikajua amegeuka. Sikuangalia mpaka hatua zake zilipopotea juu ya kilima.

Niliingia gulioni peke yangu, barakoa mbili, nikasimama mbali na kila mtu mpaka mchinjaji akadhani namdai. Nikanunua utumbo. Akaniuliza ni wa nani, nikamwambia ni wangu. Alitabasamu tu. Nadhani kilima kizima kilishajua, yule wa baiskeli alikuwa amenitangulia. Nikaufunga kwenye jani la mgomba na mfuko juu yake, nikauweka kwenye benchi chini ya dirisha, na safari ile kikapu kilirudi na mkungu mzima wa ndizi juu yake.

Nyumbani nilipomsimulia mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Si ulisema anakula kila kitu?" nikamwambia.

"Nilijua ni byenda. Lakini ningekutumaje wewe utumbo wa mama yangu?"

Wote watatu, basi, tulikuwa tumefungwa midomo na heshima ileile. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile kwa muda mrefu, na nikasamehe kila kitu, hata tambi.

Kuanzia hapo yule tetea hakuuzwa. Kila Jumamosi alikuwa uani, amefungwa kamba mguuni kwenye mti wa mbuni, katikati ya benchi na ua wa miti. Mama mkwe alikaa mlangoni mwa jiko, mimi nilisimama kwenye ua, na kuku alifanya kazi. Kupitia kwake nilielezwa kwamba chumvi niliyoleta ni ya unga na yeye anataka ya mawe. Niliambiwa sato wangu anavutia macho lakini utamu upo kwa furu, wale wadogo wa kukaushwa, na kwamba muuza furu wa kweli sokoni Bukoba anakaa nyuma, si mbele. Nilifundishwa kuminya parachichi kwenye kikonyo. Nami kupitia kuku nilimuuliza kama amevuta dawa yake ya kifua, na kuku akaambiwa anijibu kwamba dawa imevutwa, niache maswali ya hospitali. Aliwahi kumwambia kuku kwamba huyu mtu amekonda, mkewe anampikia saa ngapi. Niliporudi sokoni na maarifa haya, dada wa nyanya aliacha kucheka. Nilikuwa natamani Jumamosi ifike, na sijui kama kabla ya hapo nilishawahi kutamani kwenda ukweni.

Jumamosi moja nilifika, nikapiga honi, mama mkwe hakutoka. Kuku alikuwa peke yake uani. Nikapiga tena. Nikamwambia kuku kwa sauti, "Kuku, mwenye wewe yuko wapi?" Kutoka ndani nikasikia kikohozi. Kikafuatia kingine, kirefu, cha mtu anayetafuta hewa, kisha kikakatika.

Nikasahau ua wa miti. Nikapita benchi, nikapita kuku, nikajikuta mlangoni mwa nyumba ambayo ndani yake sikuwahi kuvuka sebule. Niliwaza nitamwambia nini mke wangu.

"Mama!" nikaita. "Mama! Mama!"

Ndani kitu kikaanguka kwa kishindo cha sufuria.

"Kuku!" sauti yake ikatoka, imekasirika na imezibwa na kitu kizito. "Mwambie huyo mtu asiingie! Nipo kwenye blanketi, najifukiza!"

Jirani ndiye aliyempa ushauri: majani ya mkaratusi, mchaichai na malimao, sufuria inatoka motoni, unajifunika blanketi, unavuta mvuke. Mtu mwenye pumu! Mvuke ulikuwa umemkaba, akakohoa, akaambulia kupiga teke sufuria. Alikuwa mzima, isipokuwa hasira. Nikarudi mpaka kwenye ua wa miti, nikakaa chini kwenye majani mabichi. Baada ya kitambo akatoka, uso umelowa, akakaa mlangoni mwa jiko. Tukaongea na kuku habari za chumvi. Kule kuita kwangu hakuna aliyekutaja, nami nikaomba Mungu awe hakusikia kwa sababu ya blanketi.

Shule zilifunguliwa, hospitali ikapungukiwa na wagonjwa wa kifua, na mke wangu akajiridhisha kwa namna zake za kiuguzi kwamba sasa anaweza. Tukaenda Kamachumu pamoja. Alishuka kwenye pikipiki kabla sijaisimamisha. Mama yake alikuwa anakuja anakimbia, kanga imeanguka, na wakashikana pale uani, wakalia na kucheka pamoja. Mimi nikaangalia migomba, kama desturi, ila safari hii ni kwa sababu macho yangu yalikuwa hayafai kuonwa.

Nikaandaliwa chakula sebuleni, peke yangu kwenye meza, kama mkwe. Mke wangu akaweka sinia la ndizi, na bakuli lililofunikwa. Nikafunua. Kuku, wa mchuzi, na juu yake firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu yeyote tu.

Nikatazama nje dirishani. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mti wa mbuni. Mwisho wake mwingine haukuwa na kitu.

"Jamani," nikasema, nikijielekeza kwa meza, "si yule wetu?"

Mke wangu akabana kicheko, akatoka. Nyuma ya pazia la kuelekea jikoni kukawa na mtu amesimama, nikaona ncha za kanga na miguu mitupu. Nilisubiri amwambie mtu kitu. Mtu wa kuambiwa hakuwepo.

"Kula, mwanangu," mama mkwe akasema. "Siku ile mlangoni uliniita mara tatu. Nilikusikia tangu ya kwanza."

Nikatafuta pa kuliweka jibu langu, ukutani, dirishani, kwenye bakuli.

"Jumamosi ukija na byenda," akaendelea, "usipige honi tena. Uniite vilevile."

"Sawa," nikasema, na neno lililofuata lilinichukua muda kulitoa. "Sawa, mama."